Biele za Gauthier

Biele ya kwanza ililia vizuri. Ya pili ikakohoa. Fundi Anaclet aliiacha itulie kwenye waya uliofungwa chini ya boriti ya kibanda, kisha akaigonga tena kwa nyundo ndogo. Ikakohoa vilevile. Chuma kizima kikigongwa huimba, na wimbo wake hukaa hewani mpaka msikilizaji avute pumzi. Chuma chenye ufa hutoa sauti fupi, ya mtu anayeficha ugonjwa mbele ya wageni. Akazigonga zote, zile biele mpya zilizotoka kwenye maboksi yenye maandishi ya dhahabu, na nyingi zilikohoa.

Hakutaka kubaki na shaka hata chembe. Akazitumbukiza kwenye ndoo ya mafuta ya taa, akazitoa, akazipangusa hadi zikakauka, akazipaka pemba, ule udongo mweupe ambao kina mama wajawazito huununua sokoni ili wautafune. Kisha akavuta kigoda akakaa. Taratibu, mafuta yaliyojificha ndani ya nyufa yakaanza kutoka, na juu ya weupe ule ikajitokeza mistari myeusi, myembamba kama nywele za mtoto mchanga.

Anaclet akacheka peke yake. Mkewe Graciella, aliyekuwa uani akichambua matamba, majani ya muhogo ya mboga, aliinua kichwa, maana hakuwa amekisikia kicheko hicho tangu mazishi ya baba mkwe wake. Akauliza kuna nini. Anaclet akajibu kwamba ni kazi tu. Akazifuta biele pemba yote, akazipaka mafuta zing'ae, akazirudisha kwenye maboksi yake kama alivyozikuta.

Tuseme wazi biele ni nini, maana kisa chote kimening'inia hapo. Ni mkono wa chuma ndani ya mota. Juu umeshika pistoni, chini umeshika mhimili mkuu unaozungusha magurudumu, na kila mlipuko wa mazuti, yale mafuta ya dizeli, huangukia juu yake. Katika mota ya kawaida hata mkono dhaifu hujikongoja miaka. Mota ya Gauthier, mfanyabiashara aliyemletea Anaclet kazi hiyo, haikuwa ya kawaida. Ilikuwa ya lori la mizigo mizito, na mwenyewe alitaka ifungwe turbo iliyong'olewa kwenye mashine ya mgodini, dude kubwa kama sufuria ya kupikia matangani, lisukume upepo ndani ya mota hadi nguvu yake ikaribie kuwa maradufu. Upepo wa namna hiyo haumwonei mtu huruma. Ukiingia ndani ukakuta chuma kilichoyeyushwa na kumwagwa kwenye kalibu, badala ya chuma kilichofuliwa kwa nyundo, hukivunja.

Na haraka yote ilikuwa ya nini? Ilikuwa Aprili ya mwaka tisini na saba, na nchi ilikuwa ikianguka kama ukuta wa matofali mabichi uliolowa mvua. Waasi walikuwa wakichukua mji mmoja baada ya mwingine. Askari wa serikali walikuwa wakivua sare barabarani na kubaki na bunduki. Kule uwanja wa ndege wa Luano, ndege zilizoondoka hazikurudi. Wenye uwezo walitazama upande mmoja tu, barabara ya Kasumbalesa iendayo mpakani, na Gauthier alikuwa na uwezo. Alikuwa na bohari iliyojaa mali, naye alitaka kuivusha yote Zambia kwa safari moja, kabla mtu hajamwuliza imetoka wapi.

Anaclet alijua ilikotoka. Yeye na Gauthier walikua pamoja, watoto wa wafanyakazi wa reli waliotoka kaskazini ya Katanga. Walibatizwa parokia moja, wakajifunza ufundi katika karakana moja ya reli chini ya mzee Clovis, baba yake Anaclet. Mzee alipostaafu alifungua karakana ndogo nyuma ya nyumba yake, na fahari yake ilikuwa mashine ya kuchongea chuma aliyoipata kwa jasho la maisha yake yote. Ulipokuja ule uporaji wa mwaka tisini na moja, watu wakivunja maduka na kubeba mpaka milango, karakana ilisalimika kutwa nzima kwa sababu haikuonekana kutoka barabarani. Jioni kundi la askari likasimama mbele ya nyumba, limechoka, likitaka kwenda zake. Mmoja akauliza kama kuna kitu humo ndani. Anaclet alikuwa amesimama mlangoni, Gauthier kando yake.

"Mashine iko kunyuma," Gauthier akasema.

Alisema hivyo kwa upole, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia ya kanisani. Mzee Clovis aliikumbatia mashine yake wasiichukue, akapigwa kitako cha bunduki kifuani, na msimu ule wa mvua hakuumaliza. Gauthier alikuja matangani na gunia la unga, akalia kuliko wafiwa. Muda si mrefu akaanza kuuza vipuri, kisha akanunua malori, na mtu mmoja aliyeingia bohari yake akamnong'oneza Anaclet kwamba mashine ya mzee imo humo, imefunikwa turubai. Mla kuku wa mwenziwe miguu humwelekea. Miaka yote hiyo Anaclet alimsalimu Gauthier, akampa mkono, akapokea komunyo nyuma yake. Chuki yake aliitunza kama chombo cha kazi, safi na kavu, mahali anapopajua.

Sasa mafundi wengine wenye kuijua turbo walikuwa wamekimbia, na Gauthier hakuwa na budi kuja. Alikuja na mota na maboksi ya biele mpya juu ya mkokoteni, akaleta na maneno matamu ya utoto wao. Anaclet akampokea vizuri. Alimwambia arudi kesho yake wachague vyuma vya ndani pamoja.

Gauthier alirudi asubuhi, amevaa miwani ya jua, hana utulivu, kila mara akigeukia barabara. Juu ya meza Anaclet alikuwa amepanga biele za aina mbili, zenye kipimo kimoja. Upande mmoja zile mpya, zinang'aa. Upande wa pili nyingine nyeusi, zenye makovu, ambazo alizihifadhi miaka chini ya kitanda ndani ya gunia lililolowa mafuta. Hizo nyeusi alikuwa amezigonga zote, zikaimba; alikuwa amezipaka pemba, zikabaki nyeupe.

Usishangae kwamba aliziweka zote mezani. Angeweza kufunga mpya kimyakimya na Gauthier asingejua lolote. Lakini kisasi cha namna hiyo ni cha mwizi, na Anaclet hakutaka kufanana na Gauthier hata kwa ukucha. Alitaka Gauthier ajichagulie mwenyewe.

Gauthier akainua moja nyeusi, akaipimapima mkononi. "Hii ilitoka wapi?"

"Mu camion ya bamisionere," Anaclet akasema, akimaanisha lori kuukuu la misheni. "Chuma yake ilipigwa na nyundo, haikumwangiwa. Weka hii, ndugu. Ile mupya itakufia mu njia."

Kila neno lilikuwa kweli. Lakini aliyasema haraka, macho chini, akifuta mikono iliyokuwa safi, na mwishoni akatabasamu kidogo kama mchuuzi anayesukuma samaki wa juzi. Nyundo ndogo ilikuwa pale pale mezani. Angetundika biele moja mpya na moja ya zamani, akazigonga, na Gauthier, ambaye alifundishwa na mzee yule yule, angesikia mwenyewe. Hakuigusa.

Gauthier alimkazia macho. Mwongo hupima watu wote kwa kibaba chake mwenyewe, na kwa kibaba hicho mambo yalikuwa wazi kabisa: huyu ameyatoa machuma haya makuukuu ayatie ndani ya mota yangu, yanivunjikie porini. Akairudisha biele nyeusi mezani kwa ncha za vidole.

"Unanipendaka sana leo," akasema. "Utaweka mupya."

"Mota ni yako."

"Na weye utapanda na miye. Desturi unaijua."

Aliijua. Katika karakana za reli, fundi aliyefunga mota ndiye aliyesafiri nayo safari yake ya kwanza yenye mzigo, akikaa pale inapounguruma. Ikifa, ife naye ndani. Ndivyo wazee walivyozuia uvivu, na Gauthier sasa aliitoa desturi hiyo kama mtu anayetoa pingu mfukoni. Alingoja amwone Anaclet akibabaika.

"Nitapanda," Anaclet akasema.

Gauthier aliondoka ameridhika. Kwake jibu hilo lilikuwa muhuri: kama fundi anakubali kupanda juu ya biele mpya, basi biele mpya ni nzima. Hakukaa chini akafikiri kwamba kuna mtu aliyechoka kuishi barabara moja na muuaji wa baba yake, na kwamba mtu huyo yuko radhi kulipa nauli.

Graciella alikuwa ameona yote kutoka jikoni. Alingoja mpaka walipokaa kula, bukari, yaani ugali, ikitoa moshi kati yao.

"Papa Dorcelle," akaanza, kwa jina la binti yao, kama alivyomwita sikuzote. "Ulimuambia ukweli na sura ya muongo."

"Nilimuambia. Yeye njo alikataa."

"Papa yako alikuwa anagonga chuma mbele ya mwenye mota, asikie mwenyewe. Kila mara. Weye leo haukugonga."

Anaclet aliacha tonge mkononi. Alitaka kumwuliza kama amesahau ni nani aliyewaambia wale askari mashine iko wapi. Alitaka kumkumbusha mzee alivyokuwa akihema wiki zile za mwisho, amekaa wima kitandani usiku kucha kwa sababu kulala kulimnyima pumzi. Lakini Graciella ndiye aliyemshika mgongo mzee usiku huo wote, na hakuhitaji kukumbushwa.

"Mungu haiko na masikio tu," Graciella akasema. "Iko na macho."

Akainuka, akaenda kuchota maji. Anaclet akala chakula kilichokuwa kimepoteza ladha, akarudi kazini.

Aliifunga mota ile vizuri kuliko mota yoyote aliyowahi kuifunga maishani. Alisafisha kila tundu la mafuta kwa sindano ya kushonea magunia. Alichagua pete za pistoni moja moja, akazipima kwa kuzisikiliza zikiteleza ndani ya silinda. Bolti za kichwa alizikaza hatua kwa hatua, akizunguka kama mtu anayefunga kitovu cha mtoto, asikaze upande mmoja kupita mwingine. Hakutaka kosa jingine lolote. Siku itakapofunguka, alitaka kiwe kimevunjika kitu kimoja tu, kile alichokichagua Gauthier kwa mkono wake. Alipofikia biele mpya, alizifunga kwa utulivu uleule, na jambo hilo lilimtisha kidogo.

Ilipowashwa, turbo ilipiga mluzi mwembamba ulioinuka na kuinuka mpaka mbwa wa mtaani wakaanza kulia. Gauthier alimkumbatia mbele za watu. Anaclet alisimama ndani ya mikono yake, mikono yake mwenyewe imening'inia.

Waliondoka asubuhi ambayo kila mtu alikuwa akisema waasi wameshafika karibu. Lori lilikuwa limejazwa hadi turubai limevimba. Wakati wa kupakia Anaclet aliliona umbo fulani chini ya turubai dogo, akalitambua kama mtu anavyomtambua nduguye aliyefunikwa shuka. Akageuka, akaendelea kukaza kamba. Kama mashine ya mzee itapotea, alijiambia, basi ipotee ikiwa mikononi mwa aliyeiiba. Kando ya lori wanawake wenye watoto mgongoni walimwomba Gauthier awapandishe juu ya mizigo, hata mpaka njiani tu. Akawakatalia wote, mmoja akamsukuma kwa bega. Na Anaclet, Mungu amsamehe, alishukuru, maana alitaka ndani ya lori lile wawe wawili tu.

Graciella hakutoka nje kumuaga. Alikuwa ameweka bukari na samaki mkavu ndani ya kitambaa, akakifunga, akakiacha juu ya kiti cha lori.

Barabara ilikuwa imejaa watu waliokwenda kwa miguu, magodoro vichwani, wakishuka kwenye majani kila honi ilipolia. Mota ilivuta bila kulalamika. Gauthier alipata furaha ya kitoto. Akaanza kusimulia jinsi walivyoiba maembe ya padri, na jinsi mzee Clovis alivyowachapa. Alilitamka jina la mzee bila kujikwaa. Anaclet alitazama mbele. Chini ya miguu yake alikuwa akisikia kitu ambacho Gauthier hakukisikia, mgongano mdogo ndani ya mngurumo, mgeni aliyekuwa hajabisha hodi vizuri.

Ndipo mwinuko mrefu ukaanza. Gauthier akakanyaga, turbo ikapiga mluzi, na ule mgongano ukapanda hadi kwenye meno ya Anaclet. Alikuwa amejiandaa kwa saa hii siku zote za kazi. Aliamini angekaa kimya, mikono mapajani, kama mtu kwenye misa. Badala yake ilimshika hofu ya mwili, ya mtu ambaye bado anapenda bukari ya mkewe, na maneno yakamtoka bila kuyachagua.

"Gauthier, punguza."

"Punguza nini?"

"Ondoa muguu. Chukua vitesse ya chini, tupande polepole. Biele itakatika. Nakuambia kweli."

Safari hii hakuficha macho, wala hakutabasamu. Alisema kama mtu yeyote anayeogopa kufa. Gauthier hakubadili gia; aligeuka akamtazama, na usoni mwake kulikuwa na ushindi.

"Unataka waasi banikute mu njia," akasema, akakanyaga mpaka chini.

Mlio haukuwa mkubwa kama Anaclet alivyoutarajia. Ulikuwa kishindo kimoja kikavu, kama mlango wa chuma uliobamizwa, kisha vyuma vikasagana, na mafuta ya moto yakaruka yakapaka kioo rangi nyeusi. Gauthier alipigana na usukani. Lori liliyumba, likarudi nyuma kidogo, likalala na magurudumu ya upande mmoja mtaroni. Hakuna aliyeumia. Walishuka, wakasimama kando, wakatazama. Ubavuni mwa mota kulikuwa na tundu la kupitisha ngumi, na nusu ya biele ilikuwa imechomoza humo, imekatika, mkatiko wake wa kijivu wenye chembechembe kama unga wa mahindi uliosagwa vibaya.

Gauthier aliitazama. Akavua miwani.

"Uliniambia," akasema.

"Nilikuambia."

Furaha ilikuja. Tusimwongopee msomaji: ilikuja tamu, ikampanda Anaclet kifuani mpaka akalazimika kupumua kwa kinywa. Kumwona Gauthier amesimama mbele ya mali yake isiyokwenda mbele wala nyuma, akijua kwamba neno la kweli aliambiwa na akalitema, hilo lilikuwa ndilo alilolitaka miaka yote. Angependa wabaki hivyo, wawili, barabarani, mpaka jua lizame.

Lakini hawakubaki wawili. Kutoka upande wa mji walitokea askari wa serikali, kikundi kidogo, bila gari, wamechoka, wengine miguu mitupu, bunduki zikiburuta. Walipoliona lori hatua zao zikabadilika. Mmoja alipanda nyuma akachana turubai kwa kisu. Akapiga kelele ya furaha. Mkubwa wao, koplo mwenye kitambaa kilichofungwa shingoni, akalizunguka lori taratibu, akaona tundu la mota, akaona kwamba lori halimfikishi popote, na uso wake ukakunjamana. Siku hizo watu waliokuwa na mali na kukimbia waliitwa wasaliti na kila upande, na msaliti hakuwa na hakimu. Anaclet na Gauthier walijua hivyo, kama kila mtu katika barabara ile.

"Hii camion ni ya nani?" koplo akauliza.

Hakuwa akimwuliza Gauthier. Alikuwa akimwuliza Anaclet, kwa sababu Anaclet ndiye aliyekuwa karibu, mikono imejaa mafuta, na mtu wa mafuta huaminiwa zaidi.

Gauthier alimgeukia. Macho yake yalikuwa yakiomba. Anaclet aliyaona macho hayo akayafahamu vizuri sana, kwa kuwa yalikuwa macho yake mwenyewe, jioni ile mlangoni, alipomgeukia rafiki yake akitumaini neno.

Mpaka hapo hakuwa amesema uongo hata mmoja. Kisasi chake chote alikijenga kwa ukweli, na alijivunia hilo. Neno la kweli lilikuwa tayari ulimini, fupi, jepesi, halina dhambi. Lakini kando yake, sijui lilitoka wapi, labda jikoni kwa Graciella, kulikuwa na neno jingine: kwamba mwenye lori amekimbia, kwamba wao wawili ni mafundi tu. Hilo lilikuwa la uongo kutoka mwanzo mpaka mwisho. Ili Gauthier aishi, Anaclet alipaswa kusema uongo, na kuusema kwa sura ya mkweli. Aliyasikia yote mawili kinywani, yakisukumana. Akafumbua midomo.

Gauthier aliona midomo ikifumbuka, na hakungoja. Aliruka mtaro, akaanguka, akainuka, akajitupa ndani ya majani marefu ya mwisho wa mvua, yaliyomfunika mara moja mpaka kichwani. Askari mmoja akafyatua, kisha mwingine. Mistari ya majani iliendelea kutikisika, ikienda mbali, ikapinda kuelekea bondeni. Halafu ikaacha. Hakuna aliyeweza kusema kama aliyekuwa humo ameanguka au amelala chini akishikilia pumzi.

Askari hawakumfuata. Walikuwa wamekwisha kupanda nyuma ya lori, wakirushiana vitu. Koplo alishusha bunduki, akageuka.

"Na weye," akasema, "ulitaka kusema nini?"

Kinywa cha Anaclet kilikuwa bado wazi. Alitazama majani, upande ule wa bondeni, akingoja yatikisike.